Kuandika bango la maandamano bila kulala seli

Kabla hujanionyesha kitambaa, niambie unataka kusema nini. Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayeingia kibandani kwangu, hapa karibu na Kibuye, Kisumu. Juzi aliingia kijana wa chuo, jasho linamtiririka, akanyoosha kidole kwenye bendera za Kenya ninazouza.

"Fundi, hiyo kubwa ni pesa ngapi?"

"Ya kupeperusha ama ya kujifunga?"

"Ya kuchoma."

Nikamwambia, omera, keti kwanza.

Alikuwa ametazama video za Marekani. Kule ni kweli, mtu anaweza kuichoma bendera akipinga siasa. Gregory Lee Johnson alichoma bendera Dallas mwaka 1984, akahukumiwa mwaka mmoja jela na faini ya dola 2,000. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikamnusuru kwa kura tano dhidi ya nne: kuichoma kwa kupinga siasa ni namna ya kusema, na serikali haiwezi kumziba mtu mdomo kwa sababu tu maneno yake yanachukiza wengine. Bunge lao likatunga sheria nyingine ya kukataza kuichoma, nayo ikaangushwa 1990. Mimi nakubaliana na wale majaji watano. Lakini siishi Dallas. Huku, Sura ya 99 ya sheria za Kenya inahesabu kuidharau bendera kuwa kosa, na hukumu ya Marekani haimfungi hakimu wa Kisumu.

Tena hizi bendera za sokoni ni polista. Nilikata uzi wa pindo nikaushika kwa koleo juu ya jiko. Ukajikunja, ukayeyuka, tone moja likadondoka sakafuni na kuganda pale kama gundi. "Sasa fikiria hilo tone likiwa kwenye kiganja chako," nilimwambia. Akanyamaza.

Ukitaka Marekani, chukua amerikani. Kitambaa hicho cha pamba hunywa rangi vizuri na bei yake haiumizi. Mita tatu zinatosha watu wawili kushika. Kivute kwa misumari kwenye ubao hadi kilie kama ngoma, piga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, kisha hesabu herufi kabla ya kugusa brashi. Wengi huanza kwa herufi kubwa kubwa na kumalizia kwa herufi za mchwa. Herufi iwe shubiri moja kwa urefu, maneno yasizidi saba. Ukimaliza, kata matundu ya nusu mwezi kati ya maneno. Upepo wa ziwa hupanda mchana, na bango lisilo na matundu litawayumbisha kama tanga kuanzia Kondele hadi mjini.

Maneno sasa. Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kusema, ila hakilindi propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala kuhimiza uhasama wa kikabila. Kumkosoa kiongozi, hata kwa ukali, niletee nitaandika. Kosa la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma, lililokuwa kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, Mahakama Kuu ililifuta 2017. Ukiniletea jina la kabila, rudi nalo nyumbani. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kutamka "madoadoa", neno la fumbo kwa watu wa makabila mengine, kwenye mkutano Eldoret. Matamshi ya chuki ni faini hadi shilingi milioni moja, au miaka mitatu ndani, au vyote viwili. Na sisi tuliokuwa Kisumu mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hatuhitaji kuelezwa neno moja linaweza kuwasha nini.

Halafu barua. Kifungu cha 37 kinakuruhusu kuandamana kwa amani bila silaha, lakini Sheria ya Utulivu wa Umma inataka umjulishe mkuu wa kituo cha polisi siku tatu kabla au zaidi, zisizozidi kumi na nne. Taja jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, njia mtakayopita, na saa, kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Ni taarifa hiyo, usiandike "naomba kibali". Beba nakala mbili na yako igongwe muhuri papo hapo. Mwaka mmoja niliacha barua mezani katika kituo fulani bila muhuri. Asubuhi ya maandamano wakaniambia hawajawahi kuiona.

Mkikamatwa, msivutane. Uliza kosa ni lipi, omba wakili, kaa kimya ukitaka; Kifungu cha 49 kinasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za korti au siku ambayo korti haikai. Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu, maana simu huchukuliwa mwanzo.

Yule kijana tulikaa naye saa nzima tukipunguza maneno. Alianza na aya nzima, tukaishia PESA YA DAWA IKO WAPI? kwa rangi nyekundu, alama ya kuuliza kubwa kuliko herufi zote. Bendera aliinunua vilevile, akajifunga mabegani. Aliomba punguzo la mia. Nikamtolea hamsini.