Kusaga forsteraiti, kwa waliozoea karasha

Mjomba wangu ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Nzega. Nilipomwambia maabara tunasaga unga wa forsteraiti kwa muda wa saa 10 na hatutafuti dhahabu, alicheka mpaka akakohoa. Lakini ndiye aliyenifundisha kusikiliza gololi: zikigonga vizuri mlio ni mkavu, zikinyamaza ujue umejaza mno. Kwenye kinu cha sayari, ambako makopo yanajizungusha huku sahani yao inazunguka kinyume, sikio ni lile lile.

Forsteraiti ni silikati ya magnesiamu. Kupata gramu 10, pima magnesia (oksidi ya magnesiamu) gramu 5.73 na silika (oksidi ya silikoni) gramu 4.27. Usichukue unga wa kwatzi wa kwenye karasha: una chuma cha gololi, na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu, huwa na zebaki.

Kwenye magnesia ndipo nilipoumbuka. Inanyonya unyevu wa hewani. Msimu mmoja wa mvua niliipima kutoka kwenye kopo lililokaa wazi. Mizani ikasoma 5.73 safi kabisa, kumbe sehemu ya uzito ni maji. Magnesiamu ikapungua, nikaishia na enstatiti, silikati yenye magnesiamu kidogo zaidi, ndani ya forsteraiti, kazi ya wiki nzima. Siku hizi naichoma kwanza nyuzi 1,000 za Selsiasi kwa muda wa saa 2, naipoza kwenye chombo kilichofungwa, napima hapo hapo.

Tumia makopo na gololi za zirkonia, kauri ngumu; za chuma zitaurudisha unga ukiwa wa kijivu. Gololi gramu 100 kwa unga gramu 10, mizunguko 300 kwa dakika. Saga dakika 15, pumzisha 15, mpaka kusaga kwenyewe kutimie jumla ya saa 10. Usipopumzisha, kopo linachemka na unga unaganda ukutani.

Kisha tanuru, nyuzi 1,000 za Selsiasi, kwa muda wa saa 1. Usiruke hatua hii: kinu kinachanganya na kuvuruga, tanuru ndilo linalopanga fuwele. Ukizidisha joto zitanenepa.

Ulaini wa kwenye vidole usikudanganye, maana punje moja hubeba fuwele nyingi. Piga eksirei ya unga, uone vilele vya mionzi inayotawanywa na fuwele. Kwa mionzi ya shaba, kilele cha karibu nyuzi 36.5 (za pembe, siyo joto) kikiwa na upana wa nyuzi 0.25, baada ya kutoa upana wa mashine, fomula ya Scherrer, inayokadiria ukubwa wa fuwele kutoka upana wa kilele, inakupa kama nanomita 33.

Kopo lifunguliwe likishapoa, na uvae barakoa ya vumbi laini, siyo kitambaa. Mjomba nimempelekea boksi zima. Kalining'iniza kwenye msumari, karibu na mashine.