Kumpigia mgeni hesabu ya nzohe

Mdogo wangu, mgeni akikuandikia kwamba anataka kuwinda nzohe, usikimbilie jedwali la ada za wanyama, zile zinazolipwa kwa kila mnyama. Ada ndiyo fungu dogo. Anza na ramani.

Nzohe ni swala wa mafunjo, yule wazungu wanamwita sitatunga. Kwetu Tanzania ukimtaja yeye umetaja magharibi: Moyowosi na mabwawa ya Malagarasi. Sasa mgeni huyohuyo akitaka pia swala twiga na tandala mdogo wa Umasaini, hapo umeshauza vitalu viwili vya uwindaji na ndege ya kukodi katikati. Bei ya ndege iandike mstari wake peke yake, asije akasema ulimficha. Akiongeza bongo, yule swala mkubwa wa msituni, mwelekeze Kameruni. Bongo wa milimani yuko Kenya, na Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977.

Halafu siku. Hela iko hapa. Tuseme kampuni inatoza dola 2,000 kwa siku: siku 21 ni dola 42,000, na bunduki haijalia bado. Wageni hupenda kubana hapahapa. Wewe kumbuka kwamba nzohe huonekana zaidi alfajiri na jioni, mchana kajichimbia kwenye mafunjo, kwa hiyo kila siku unayomkatia mgeni unamnyang'anya nafasi mbili. Idadi ya siku muulize mwindaji bingwa, si mtu wa mauzo. Na machani, jukwaa la juu la kumvizia mnyama, ijengwe mapema. Nyundo zikigongwa mgeni akiwa kambini, mnyama anahama upande.

Usipokee malipo ya awali kabla ya kuhakikisha mgawo wa kitalu, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa humo. Kama nzohe wa msimu wameshauzwa, huna cha kuuza, hata mgeni awe na hela kiasi gani. Mimi hupiga na simu kambini, maana karatasi ya ukutani ofisini mara nyingi ni ya mwaka jana.

Jambo la kumwambia mgeni kwa maandishi: mnyama akijeruhiwa na kupotea, ada inalipwa yote. Kwa nzohe hili si la mbali. Akishtuka huingia majini akazama, akabakiza pua tu juu, na askari wa wanyamapori aliyefuatana nanyi ataandika alichokiona: damu. Wengine hugoma kulipa wakidai walikosa.

Chumvi ya ngozi, kuchovya dawa, kreti na usafirishaji wa nyara viandike chini kabisa kwa herufi kubwa: HAVIMO.