Giaboksi ya Camaro ya 1969: imezaliwa na gari au imeletwa?

Kule nyumbani giaboksi ikifa, unatafuta nyingine, unafunga, safari inaendelea. Huku Marekani, Camaro ya 1969 yenye giaboksi yake ya kiwandani huuzwa ghali zaidi, ndiyo maana wapo wanaogonga namba za uongo. Mimi Muncie, giaboksi ya gia nne iliyofungwa kwenye Camaro, huikagua hivi.

1. Usiingie chini bado. Soma chesisi namba juu ya dashibodi, upande wa dereva. Giaboksi haibebi namba yote: inabeba 1 ya Chevrolet, 9 ya mwaka, herufi ya kiwanda (N ni Norwood, L ni Los Angeles), kisha tarakimu sita za mwisho. Halafu fungua boneti usome kibati cha bodi. 04B maana yake bodi iliundwa wiki ya pili ya Aprili. Andika vyote kwenye karatasi.

2. Inua gari, liweke kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini. Tafuta namba upande wa abiria, karibu na pale kasha linapoungana na mkia wake. Safisha kwa dizeli na brashi ya nailoni. Brashi ya waya hapana! Kasha ni la aluminiamu, na kiwandani hawakugonga kwa kina. Ukisugua sana unafuta ushahidi. Mulika tochi kwa ubavu, namba zitajitokeza.

3. Soma tarehe iliyogongwa kwenye kasha. P9C17 ni Muncie, 1969, Machi 17. Usihesabu miezi kwa alfabeti: Mei ni E, lakini Juni ni H na Julai ni K. Giaboksi lazima iwe imetangulia gari. Ikiwa kibati kinasema Aprili na giaboksi inasema Juni, funga daftari.

4. Tazama ngozi ya chuma. Hapa ndipo nilipoumia. Niliwahi kumwambia mteja "nunua", namba zilikuwa zimenyooka kama mistari ya daftari. Baadaye, mchana kweupe, nikaona mikwaruzo ya msasa chini yake. Ngozi ya kalibu ina chembechembe. Ikiwa laini mahali pamoja tu, jiulize kwa nini. Namba kupinda kidogo hakunitishi.

5. Hesabu mizunguko. Muncie zina aina tatu: M20, M21 na M22. Herufi ya mwisho baada ya tarehe ni A kwa M20, B kwa M21, C kwa M22. Toa plagi za injini, weka gia ya kwanza, chora chaki kwenye propela (shafti inayotoka giaboksi kwenda nyuma), kisha zungusha injini kwa spana kwenye puli ya kreki. Propela ikimaliza mzunguko mmoja, M20 itakuwa imekula mizunguko 2.52 ya injini. M21 na M22, 2.20. Ukipata 2.20 kwenye kasha lenye A, kasha huenda ni la gari hilo lakini matumbo ni ya kwingine. Muulize muuzaji lilifunguliwa lini.