Pesa za kufagia: jinsi ya kugharimia bustani ya kihistoria

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kutunza bustani moja kongwe ya umma, na anayetaka kuanzisha kikundi kama chetu namwambia hivi: pesa za kujenga hupatikana, pesa za kufagia ndizo kazi. Mfadhili atagharimia chemchemi mpya, akate utepe, apigwe picha. Mtaro ukizibuliwa hakuna utepe.

Kwa hiyo anza na daftari kabla ya barua za maombi. Zunguka na mtunza bustani mkuu, mwandike kila kinachokula pesa mwaka mzima: kupogoa miti, kuzoa majani, maji, taa, bima, mishahara. Kazi inayorudi baada ya miaka kadhaa, kama kupaka rangi uzio wa chuma, igawe kwa miaka hiyo na uiingize humo humo. Vya kale viandikie gharama yake halisi. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa usiuzibe kwa saruji. Saruji hufungia unyevu, na jiwe laini huanza kumomonyoka huku kiungo kikibaki kizima. Fundi anayeijua chokaa ni ghali. Mlipe.

Halmashauri isiachiwe itoke. Hapo mimi silegezi: mkataba utaje kiwango ambacho mchango wake hautashuka, la sivyo kila mnachochangisha kitakuwa kisingizio cha kuwapunguzia. Central Park ya New York huendeshwa, kwa mkataba na jiji, na shirika lililoanzishwa 1980 ambalo huchangisha sehemu kubwa ya bajeti. Lakini bustani ile imezungukwa na matajiri, usiige kichwa kichwa. Bryant Park, katika jiji hilo hilo, ilifunguliwa upya 1992 na hutegemea tozo za wenye majengo jirani, kodi za wapangaji na matukio.

Ninaoupenda zaidi ni mfano wa Milton Keynes, Uingereza. Shirika la dhamana linalotunza bustani za mji huo, lililoundwa 1992, lilikabidhiwa majengo ya biashara pamoja na ardhi, na mapato ya majengo hayo hulipia matunzo. Huo ni wakfu hasa: mtaji haugusi mtu, faida ndiyo inayofagia. Hesabu yake ni rahisi. Ukichota asilimia 4 kwa mwaka, kila shilingi moja unayoihitaji kwa mwaka inadai shilingi 25 zilizowekwa. Inatisha, ndiyo, anzeni na wosia na michango mikubwa.

Mabenchi yenye kibao cha jina huuzika sana, ila bei ibebe pia matengenezo, na hati itaje miaka, si milele.

Matamasha? Yapo, kwa masharti. Chukua amana kwanza, piga picha nyasi pamoja na mwandaaji kabla lori la jukwaa halijaingia, na mtoze pia siku ambazo uwanja utafungwa ili nyasi zipone. Mkizunguka tena baada ya tamasha, picha ziwe mkononi na amana iwe bado kwenye akaunti yenu.