Viza ya kwenda kufundisha: anza na shahada, cheti cha polisi kifuate

Mara nyingi viza huchelewa kwa sababu nyaraka zimeombwa kwa mpangilio mbaya. Shahada haina tarehe ya kuisha, kwa hiyo ipeleke kuthibitishwa hata kabla ya kusaini mkataba wa kazi. Nchi iliyotoa shahada na ile unayokwenda zikiwa zote wanachama wa Mkataba wa Hague wa 1961 wa kutambua hati za nchi nyingine, muhuri wa apostili (uthibitisho wa kimataifa unaoambatishwa kwenye hati) unatosha. La sivyo, hati itapitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozini, na hapo ndipo wiki zinapopotea.

Cheti cha polisi, kinachoonyesha kama una rekodi ya uhalifu, usikiwahishe mno. Nchi nyingi hukikubali kwa miezi mitatu hadi sita tu, na kikiisha foleni inaanza upya.

Linganisha jina herufi kwa herufi kwenye pasipoti, shahada na mkataba. Jina la kati likikosekana kwenye moja, tafuta hati ya kiapo mapema. Shahada usiilaminishe, haitagongeka muhuri. Na tafadhali, pini iliyoshika apostili usiichomoe hata kwa kutoa nakala: hati inaweza kukataliwa.

Tiketi na barua ya kuacha kazi zisubiri viza iwe mkononi. Ikichelewa, iombe shule tarehe mpya ya kuanza, kwa maandishi.