Jinsi ya kujifunza kwa Simon Stålenhag bila kunakili maroboti yake

Simon Stålenhag ni msanii wa Uswidi, aliyezaliwa 1984, anayechora kwa tableti na kalamu ya kidijitali. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 2014, kinaonyesha visiwa vya Mälaröarna, magharibi mwa Stockholm, kama miaka ya 1980 ingekuja na mashine ambazo hazikuwahi kutengenezwa. Watoto wamevaa makoti mazito, gari kuukuu limeegeshwa kando ya uzio, na nyuma ya miti kumesimama kitu kikubwa cha chuma ambacho hakuna anayekishangaa.

Mimi nilianza kwa kuchora maroboti yake. Miezi kadhaa. Nyaya zilikuwepo, kutu ilikuwepo, na bado kila picha ilitoka baridi. Kasoro ilikuwa kwenye ardhi: maroboti yangu yalikuwa yamesimama mahali ambapo sijawahi kupaona. Utaratibu ufuatao ndio ulionitoa hapo, na ndio ninaoutumia hadi leo.

Hatua ya 1: Watafute walimu wake

Kabla ya mashine, Stålenhag alikuwa mtoto anayechora ndege na mandhari, akivutiwa na Lars Jonsson, mchoraji wa ndege wa Uswidi. Baadaye ndipo alipokutana na kazi za Wamarekani wawili waliobuni mashine na dunia za filamu za kisayansi, Ralph McQuarrie na Syd Mead. Hawa walitoka viwandani: McQuarrie alichora michoro ya kiufundi Boeing, Mead alianzia kwenye ubunifu wa magari Ford. Ndiyo maana mashine zao zinaonekana kama kweli zingeweza kufungwa bolti na kuwashwa.

Sasa fungua picha moja ya Stålenhag na uifunike mashine kwa kiganja. Kinachobaki ni barabara yenye maji, mtaro, nyasi zilizolala, na mawingu. Ni picha kamili tayari. Hapo ndipo mchoraji wa ndege anapoonekana, na hilo ndilo la kuiba kwanza.

Hatua ya 2: Toka nje na kamera

Nenda mahali unapopita kila siku, siku ya kawaida, si siku ya machweo mazuri. Piga picha za vitu ambavyo watu wameacha kuviona: transfoma, tangi la maji, nguzo zilizoinama. Shika kamera usawa wa macho yako, usichuchumae. Sababu yake utaiona hatua ya 4. Andika saa na upande wa jua.

Usiazime mwanga wake. Stockholm mwezi Desemba, jua la saa sita mchana hufika nyuzi kama 7 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo kivuli cha mtu hurefuka karibu mara nane ya kimo chake. Vivuli vile virefu vya kibuluu ni hali ya hewa ya kwao. Kama mahali pako jua la saa sita linakaa utosini, vivuli vitajikunja miguuni pa vitu na chini ya tumbo la mashine patakuwa na giza zito. Chora hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Toni kabla ya rangi

Toni ni kiasi cha mwanga na giza, kwa hiyo anza na kijivu. Leya tatu, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine kwenye programu ya kuchorea, zinatosha: mbali, katikati, karibu. Ya mbali ifanane karibu kabisa na anga, bila nyeusi hata kidogo. Nyeusi kamili iweke kwenye leya ya karibu peke yake, tena kwa uchache.

Hatua ya 4: Ukubwa

Hapa ndipo picha nyingi za aina hii zinapoanguka. Msanii anachora mashine kubwa, lakini jicho linaona kisesere.

Ukisimama kwenye uwanja tambarare, mstari wa upeo wa macho hukata kila kitu kwenye kimo cha macho yako. Tuseme kamera ilikuwa mita 1.5 kutoka chini. Pima kutoka mguu wa mashine hadi kwenye mstari huo: pikseli 200. Pima kutoka mguu hadi kilele: pikseli 2,000. Ni mara kumi, kwa hiyo mashine ina mita 15. Sasa ihamishe yote juu kidogo, hadi mguu ubaki pikseli 100 tu chini ya mstari. Hujaikuza hata pikseli moja, lakini sasa ina mita 30, kwa sababu imerudi nyuma. Fanya hivyo mara chache kwenye skrini na utahisi tumbo likishtuka.

Ikisharudi nyuma, ipake ukungu wa anga pia. Miguu ikiwa na weusi uleule wa nyasi za karibu, mita zako 30 zimepotea.

Hatua ya 5: Ipe mashine kazi

Jiulize inafanya nini, na nani anapanda kuitengeneza ikiharibika. Majibu hayo yatakupa ngazi, mlango mdogo, namba iliyopakwa upya juu ya namba ya zamani. Kutu usiinyunyize kama chumvi. Huanzia panapokaa maji: chini ya bolti, kwenye maungio, kwenye kingo zilizobanduka rangi, kisha hushuka kwa michirizi. Upande wa juu, unaopigwa na jua, rangi hupauka kwanza.

Hatua ya 6: Watu

Mmoja au wawili, na asiwepo anayeinua kichwa kuitazama mashine. Anayefunga kamba ya kiatu anatosha.

Hatua ya 7: Jaribio la mwisho

Acha alama za brashi zionekane. Ukizisawazisha zote, nyasi zitageuka plastiki. Kisha zima leya ya mashine na utazame kilichobaki. Kikikuvuta bado, iwashe na uhifadhi kazi yako. Kisipokuvuta, iache imezimwa na urudi kupaka ardhi.