Taimauti Huombwa Mezani: Mambo ya Kuweka Sawa Kabla Mpira Haujarushwa

Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mamlaka ya waamuzi huanza dakika 20 kabla ya saa iliyopangwa ya mechi. Kwenye mechi zetu za skuli na za mitaa, Unguja na Pemba, dakika hizo huishia kwenye salamu, kutia mpira upepo na kumsubiri mwenye ufunguo wa stoo. Refa, sehemu ya muda huo ipeleke mezani, kwa vijana wanaoandika matokeo na kutunza saa. Kelele nyingi za taimauti, yale mapumziko ya dakika moja ambayo timu huomba, zinazozuka robo ya nne chanzo chake ni watu wa meza na makocha kutoelewana mapema.

La kwanza ni nani anaomba, na anamwomba nani. Mwenye haki ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, na ombi linakwenda kwa mwandishi wa matokeo. Tunachokiona uwanjani ni kingine: mwalimu ananyanyuka benchi, anaunda herufi T kwa mikono na kupiga ukelele, "Refa, taimu! Taimu!" Refa mwenyewe yuko chini ya goli anatizama viwiko. Mwalimu alitakiwa aende mezani, au kwa uchache akutane macho kwa macho na mwandishi, aseme wazi na atoe ishara. Kwa hiyo kabla ya mechi waite makocha wote wawili na uwaoneshe mwandishi ni yupi. Mezani pamekaa vijana wanne, nyuma yao wamejibanza rafiki zao, na mwalimu aliyetoka Wete hajui amtizame nani. Refa naye awe na jibu moja fupi la mechi nzima: "Mezani, mwalimu."

Wachezaji nao waambiwe. Vijana wetu wanakesha na NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ambako mchezaji mwenye mpira anaweza kuomba taimauti katikati ya mchezo. Akibanwa kwenye kona anaunda T na kusubiri filimbi, na filimbi haiji. Kwa sheria tunazochezea sisi ombi lake halipo kabisa. Ashukuru pia kwamba haadhibiwi: mwaka 1993, kwenye fainali ya vyuo vya Marekani, Chris Webber wa Michigan aliomba taimauti ambayo timu yake haikuwa nayo, akapewa faulo ya ufundi, yaani ya kuvunja utaratibu bila kumgusa mtu, na North Carolina wakaondoka na ubingwa.

Jambo linalotaka muda mrefu zaidi kulieleza ni nafasi ya taimauti, yaani lini mlango uko wazi. Uko wazi kwa timu zote mbili mpira unapokufa, yaani mchezo umekatika, saa imesimama na refa amemaliza kuzungumza na meza. Uko wazi kwa wote pia mtupo huru (free throw) wa mwisho unapoingia. Kikapu cha kawaida kikifungwa, unafunguka kwa timu iliyofungwa peke yake. Unajifunga pale mrushaji anapokabidhiwa mpira wa pembeni, au mpiga mtupo huru anapokabidhiwa mpira wa kwanza. Ombi likija baada ya hapo limechelewa, hata kama kwa kupepesa jicho tu, na lingoje nafasi nyingine. Kocha anayebadili mawazo anaweza kulifuta, mradi mlio wa meza haujalia.

Hapo mtunza saa ana kazi yake, na asipofundishwa mapema ataiharibu. Timu iliyokwisha kuomba ikifungwa kikapu, anasimamisha saa papo hapo na kupiga mlio. Hangoji filimbi ya refa. Waamuzi nao wakubaliane kwamba kabla ya kukabidhi mpira, jicho moja lipite mezani kwanza.

Mlio wenyewe uwe wa nini? Kama hakuna honi, mimi napendelea kengele ya skuli kuliko filimbi. Filimbi ya meza inachanganywa na ya refa, na mashabiki siku hizi wanakuja na za kwao. Mtunza saa anayetumia simu aiweke katika hali ya ndege, maana kuna mtu lazima atampigia dakika ya mwisho. Simu hiyo hiyo ihesabu dakika moja ya taimauti, na ikifika sekunde ya 50 kengele ipigwe ili timu zijiandae kurudi.

Hesabu ni nyepesi. Taimauti mbili nusu ya kwanza, tatu nusu ya pili, moja kwa kila muda wa nyongeza. Iliyobaki haiwi kiporo cha nusu inayofuata. Panapoteleza watu ni kwenye zile tatu: ndani ya dakika mbili za mwisho za robo ya nne haziwezi kutumika zaidi ya mbili. Timu ikifika hapo haijatumia hata moja, mwandishi anapiga mistari miwili ya kulala kwenye kisanduku cha kwanza cha taimauti za nusu ya pili katika karatasi ya matokeo, na imekwenda hiyo. Kocha aambiwe kabla ya mechi, kwa sababu akiambiwa wakati huo ataona ameibiwa.

Ndani ya dakika hizo hizo mbili, timu iliyofunga kikapu haipewi taimauti kwa kikapu hicho. Na timu inayotakiwa kuanza na mpira kwenye nusu yake ya nyuma ya uwanja, yenye goli inalolilinda, ikishachukua taimauti, kocha wake huchagua: arushe kutoka huko huko, au kwenye mstari wa kurushia ulioko nusu ya mbele, upande unaotazamana na meza. Mstari huo una sentimita 15 tu, nje ya uwanja, mita 8.325 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho wa uwanja, ulio nyuma ya goli. Kama uwanja wenu wa saruji hauna, njoo na futi kamba na chaki uuchore mwenyewe, pande zote mbili, kabla watu hawajajaa.